Funguo Tisa: Wiki 42 za Watoto wa Ploti

Moshi ulianza kutoka chini ya mlango wa nyumba namba 19 kama saa nne asubuhi. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili 2020, na mimi nilikuwa nimekaa kwa ngazi nikitafuta netiwaki. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli kwa nje. Ndani kulikuwa na watoto wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine minne. Kila mtu kwa ploti alijua wako ndani, kwa sababu kila siku tuliwasikia wakiimba matangazo ya redio.

Keateka alikuja na nyundo. Kufuli ilikataa mara tatu, ikakubali ya nne. Mkubwa alikuwa amejaribu kumpashia mdogo wake ugali wa jana kwa stovu ya mafuta taa, pazia likashika moto. Alikuwa ameshauzima mwenyewe kwa maji ya kuoshea vyombo. Tulimkuta amesimama katikati ya nyumba, miguu imelowa, na aliniuliza swali moja tu: "Mtaambia mum?"

Mum alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni, akikimbizana na kafyu. Hakushukuru mtu. Aliangalia kufuli iliyovunjwa, akasema aliinunua shilingi 250, na sasa nani atalipa. Halafu akaketi kwa ngazi akalia. Kesho yake alfajiri, saa kumi na moja kamili, aligonga kwetu akanipa ufunguo wa kufuli mpya.

"Wewe si uko tu," akaniambia.

Ni kweli, nilikuwa tu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, chuo kimefungwa, nimerudi Kayole na begi moja na kitanda changu cha utotoni kimeshachukuliwa na ndugu yangu mdogo. Kufikia mwisho wa Juni nilikuwa na funguo tisa kwa kamba moja shingoni.

* * *

Wacha tupange tarehe, kwa sababu watu wameanza kuzichanganya. Ijumaa, Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Jumapili, Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6, Nairobi na viunga vyake vikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka.

Zikiandikwa hivyo, hizi ni amri nne za afya. Kwa mzazi wa Eastlands zilikuwa hesabu. Ile "fanyia kazi nyumbani" tuliyosikia kila siku kwa taarifa ya habari ilikuwa ya watu wenye laptopu na mlango wa chumba wa kufunga. Mama fua hawezi kufua nguo za mtu kwa simu. Fundi wa mjengo haweki mawe akiwa kitandani. Mashine ya kiwanda cha Indaa haibebwi ikaletwa Kayole. Na matatu ya watu 14 ilikuwa imeambiwa ibebe 8, kwa hivyo nauli ilipanda na wengi wakaanza kutembea.

Sasa piga hesabu. Kafyu inaisha saa kumi na moja alfajiri, mzazi anatoka. Kafyu inaanza saa moja jioni, mzazi lazima awe ameingia. Katikati hapo kuna masaa 14. Shule ilikuwa inameza mengi ya masaa hayo, pamoja na chakula cha mchana kwa wengine. Dei kea ilikuwa inameza ya wale wadogo. Kwetu, mama wa dei kea ya kona, aliyekuwa analipisha shilingi 70 kwa siku, alifunga mlango wiki ileile ya Machi kwa kuogopa askari na kuogopa ugonjwa. Hakuna aliyemlaumu. Lakini watoto wake 16 hawakuyeyuka. Walirudi kwa ngazi zetu.

* * *

Jibu la kwanza la kila mtu lilikuwa ushago. Peleka watoto kwa shosho, hii kitu itaisha baada ya mwezi. Kati ya Machi 15 na Aprili 6 kulikuwa na siku 22, na ukitaka kuelewa mwaka huo kwa ploti yetu, uliza kila nyumba ilifanya nini na hizo siku 22. Waliokuwa na nauli walipeleka. Waliokuwa wanangoja mwisho wa mwezi walipata nauli Machi ikiisha, halafu wakaanza kuogopa: serikali ilikuwa inaomba watu wa mjini wasiwapelekee wazee ugonjwa. Mathe alikuwa kwa kundi hilo la pili. Alikuwa amepanga kumpeleka ndugu yangu wa miaka minane kwa shosho huko Murang'a Jumanne, Aprili 7. Jumatatu alasiri Rais akasema Nairobi inafungwa kuanzia saa moja jioni hiyohiyo.

Nilimpigia shosho kumwambia mtoto haji tena. Nilidhani atasikitika. Akacheka kidogo, akasema, "Nairobi imefungwa tena?"

Hilo "tena" ndilo lililonifanya nianze kusoma historia, mimi ambaye sikuwa nasomea historia.

Nairobi ya wakoloni haikutaka watoto wetu. Haikuwa siri, ndivyo ilivyopangwa. Mwafrika alihitajika mjini kama mikono ya kazi: mwanaume, peke yake, na kipande shingoni. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa "wenyeji", na sehemu nyingi za mji, mtu alikodi nafasi ya kitanda, si nyumba. Mke na watoto walitarajiwa kubaki ushago. Shamba la ushago, na mgongo wa mwanamke anayelilima, ndio uliolipia malezi ya watoto wa mfanyakazi wa Nairobi. Mwaka wa 1954, kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, iliyojulikana kama Kamati ya Carpenter, iliona kwamba mshahara wa chini ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanaume mmoja asiye na familia, ikapendekeza uongezwe polepole hadi umtoshe mtu na familia yake. Soma hiyo sentensi ukiwa umeshika payslipu yako.

Mwaka huohuo, Aprili 24, 1954, jeshi la Waingereza lilizingira Nairobi kwa operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa baada ya mtaa wa Eastlands ulipekuliwa. Maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walipelekwa vizuizini, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa mashambani. Huko nako kukaanza vijiji vya hali ya hatari, ambako zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu. Kina mama walitolewa kila siku kuchimba mitaro. Na hapo ndipo swali letu lilipojitokeza: mama akichimba, mtoto ako wapi?

Shosho alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Aliniambia kwa simu kwamba waliachiwa bibi mmoja mzee asiyeweza tena kushika jembe. Watoto zaidi ya 20, kivuli cha mti mmoja, chungu kimoja cha uji. "Hakuna aliyemlipa," akasema. "Alikuwa tu."

Watu wanaoandika historia ya chekechea Kenya hutaja vijiji hivyo kama sehemu moja ambapo malezi ya pamoja ya watoto wa Kiafrika yalienea. Yaani kabla ya kuwa elimu, chekechea kwa wengi wetu ilikuwa jibu la dharura: mama amechukuliwa na kazi ambayo hawezi kuikataa, na mtu fulani "ako tu".

* * *

Mtaa wenyewe pia hulea, au hukataa kulea. Ukienda Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 wakati mkoloni alianza kukubali kidogo kwamba mfanyakazi ana familia, utaona nyumba za chini zinazozunguka nafasi za wazi, na katikati ya mtaa kuna ukumbi. Maringo na Jericho pia, mama anaweza kukaa mlangoni akichambua sukuma na macho yake yakafika kwa watoto sita. Dandora ilipopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ramani ilitenga nafasi za shule na soko. Kayole ilifuata miaka ya 1980. Halafu vyumba vya kupanga vikapanda juu: orofa nne, tano, saba, mlango ukitazama mlango. Ploti yetu ina milango 32 na hakuna hata futi moja ya ardhi ya kuchezea. Kuna ngazi, na kuna rufu ya kuanikia nguo yenye ukuta unaonifika magotini.

Mwaka wa 2020 ile rufu ilikuwa uwanja, darasa, na kitu kilichoninyima usingizi. Mkubwa wa namba 19 alinisaidia kufunga kamba za nguo kuzunguka ukuta wote, safu tatu, na kila asubuhi nilizikagua kabla ya mtoto yeyote kupanda.

Roshani nazo zilikuwa na hofu yao. Machi 30, 2020, siku ya nne ya kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao huko Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu chini barabarani. Afisa mmoja alishtakiwa baadaye kwa mauaji. Huyo mtoto hakuwa amevunja amri yoyote, alikuwa kwao. Tangu siku hiyo, ikifika saa moja, ungesikia kina mama wa ploti nzima wakiita majina, moja baada ya lingine, na milango ikifungwa. Tuliambiwa nyumbani ndiko salama. Watoto wetu walijua habari hiyo ya Kiamaiko kuliko walivyojua somo lolote la mwaka huo.

* * *

Mpango wetu haukuwa na jina wala kamati. Baada ya ule moshi, mama wa namba 4 alileta ufunguo, halafu wa 22, halafu baba mmoja wa ghorofa ya nne aliyekuwa analea pacha peke yake. Anayeweza alilipa shilingi 30 kwa siku kwa kila mtoto. Asiyeweza alileta mboga, au makaa, au alijaza mitungi yangu siku ya maji. Wengine hawakuleta chochote, na sikuwahi kurudisha ufunguo kwa sababu hiyo.

Ghorofa ya pili kulikuwa na mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye hakuwa amelipwa tangu Machi. Hakuwa peke yake. Shule hizo hulipa walimu kwa karo, na karo ilikuwa imekatika. Huko Mwea kuna shule ya kibinafsi iliyogeuza madarasa kuwa banda la kuku, na mboga zikapandwa uwanjani. Mwalimu wetu alikuja kwa rufu siku tatu kwa wiki. Aliwapanga kwa kamba za nguo: chekechea upande wa shuka, madarasa ya chini upande wa sare ambazo hazikuwa na kazi, wakubwa karibu na tangi. Wazazi walichanga shilingi 50 kila nyumba kwa wiki ili apate unga.

Serikali ilikuwa na masomo yake kwa redio ya KBC na kwa televisheni. Vilikuwa vipindi vizuri, tulivisikiliza. Ila mpango wa kusoma kwa simu ulisahau jambo dogo: nyumba nyingi zilikuwa na simu moja ya maana, na hiyo simu ilikuwa inatoka na mzazi saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo iliyompigia tajiri, ndiyo iliyopokea malipo. Ikirudi jioni, mtoto amelala.

Kwa hivyo walicheza. Bano, kati, brikicho. Wadogo walicheza kalongolongo, na ndani ya mchezo walianza kuweka kafyu. Mmoja angekuwa mama anayerudi kazini, mwingine askari. Mama alikuwa lazima afike kabla askari hajamaliza kuhesabu hadi kumi.

* * *

Julai 7, Waziri wa Elimu George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Hakuna KCPE, hakuna KCSE, shule zitafunguliwa Januari 2021. Siku hiyohiyo watu walikuwa wameanza kutoka Nairobi tena baada ya miezi mitatu, na nyumba nne kwa ploti yetu ziliwapeleka watoto ushago wiki hiyo. Waliobaki walikuja kwangu mmoja mmoja. Hawakuuliza kama ningeendelea. Waliuliza tu kama bei ni ileile.

Mwezi huo Kazi Mtaani ilipanuliwa, na kaka yangu mkubwa akaandikishwa. Alikuwa anapewa shilingi 455 kwa siku ya kufyeka na kuzibua mitaro. Ilikuwa kazi halali na nilifurahi, tulikula hiyo pesa. Mathe alikuwa anauza nguo Gikomba, na tangu Machi serikali ilikuwa imezuia mitumba kuingia nchini, kwa hivyo alikuwa anauza mabaki ya beli za zamani. Bila ile 455 sijui. Lakini usiku mmoja niliwaza: kuna mtu mahali alikaa akaamua kwamba kuzibua mtaro ni kazi, ikapewa bei, saa na rejista. Kuchunga watoto 14 kwa rufu isiyo na ukuta ili wazazi tisa waende kazini hakukuwa na rejista. Wote wawili tulikuwa vijana wa ploti moja. Yeye alikuwa kazini. Mimi nilikuwa tu.

Nisionekane kama nalaumu mtu mmoja. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja vituo vya kulelea watoto kwa jina, sentensi moja na chekechea, kama jukumu la serikali za kaunti. Kumaanisha waliotuandikia Katiba waliliona swali. Sisi ndio tulisoma hiyo sentensi tukaishia kwa chekechea.

* * *

Hapa ndipo huwa naulizwa kuhusu chuo.

Ningeweza kusema korona ilinitoa chuo, na watu wangetikisa kichwa kwa huruma. Ukweli ni mrefu kidogo. Masomo yalihamia mtandaoni. Bando langu lilikuwa la shilingi 20 kwa wakati. Nilikuwa na deni la karo. Na kulikuwa na siku moja ya Agosti ambapo nilikuwa na mtihani saa tano, nimekopa bando, nimechaji simu, nimemwomba mwalimu wa ghorofa ya pili anishikie watoto kwa masaa mawili. Saa nne na nusu pacha mmoja akapanda joto kiasi cha kutetemeka. Baba yake alikuwa mjengo upande wa pili wa jiji na simu yake haikuwa inapatikana. Nilimbeba hadi kliniki. Ilikuwa malaria, baba yake alikuwa amempeleka ushago Julai wakarudi. Alipona kwa wiki moja. Mtihani uliisha nikiwa kwa foleni.

Ningeweza kuomba nafasi ya pili. Sikuomba. Kwa miaka mingi nimejiuliza kama niliwachagua wale watoto, au kama nilikuwa nimeshashindwa na chuo na watoto wakanipa sababu nzuri. Sina jibu safi. Ninachojua ni kwamba ukitafuta kwa nini msichana fulani wa Eastlands hakumaliza shule mwaka huo, usitafute tu mimba na karo. Angalia pia nani alikuwa ameshika funguo za majirani.

Oktoba 12, Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi. Nikarudisha ufunguo mmoja. Januari 4, 2021, waliobaki wote walirudi, na asubuhi hiyo ploti ilinyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimesikia kwa wiki 42. Nimezihesabu: kutoka Jumatatu, Machi 16 hadi Jumatatu, Januari 4, ni wiki 42 kamili.

Nilizirudisha funguo jioni, mlango kwa mlango. Sare zilikuwa zimewabana. Yule wa namba 19 alikuwa amefikisha miaka nane na viatu vyake vilikuwa vimekatwa mbele ili vidole vipumue. Mama yake alipokea ufunguo, akaushika kwa muda, kisha akaniuliza, "Na wewe, chuo unarudi lini?"

Nilimwambia karibuni. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia mtu akimdanganya kwa adabu. Aliingia ndani akatoka na shilingi mia mbili na hamsini, bei ya ile kufuli, akanikunjia mkononi. Nilijaribu kukataa. Alikuwa ameshafunga mlango.

Kama ulikuwa mtoto mwaka huo, kuna mtu aliyekushikia ufunguo. Huenda ni dada yako, huenda ni shosho, huenda ni mama wa kibanda aliyekuwa anakuita chini kila baada ya nusu saa. Muulize mwaka wake ulikuwaje. Usikubali akikwambia alikuwa tu.